Dua Niliyoagiza Makka

Leo nimemwagiza mtu aende Makka akaniombee bangi.

Tulieni kwanza, nieleze. Nimekaribia kuondoka duniani, sina tena haja ya kuficha.

Niko Jeddah kwa binti yangu Zuhura, muuguzi, mimi na saratani yangu ya mifupa. Mchana alipita rafiki yake Mwanaisha, mpishi wa nyumbani kwa Waarabu. Madam wake amempa ruhusa ya kwenda Umra. Akaniuliza, kama ilivyo ada, "Baba, nikakuombee nini?"

Alitarajia niseme mwisho mwema.

Nikasema, "Omba bunge letu Kenya lipitishe ule mswada wa bangi ya dawa, nirudi nyumbani nikatulize maumivu."

Zuhura alikurupuka kufunga dirisha. "Baba! Hapa neno hilo tu litatutia ndani!"

Mwanaisha hata hakutabasamu. "Ya kuandikiwa na daktari, au ya vijana wa vichochoroni?"

"Ya daktari. Matone, chini ya ulimi."

"Haya, nitaomba. Wabunge wote, au wetu wa Mombasa tu?"

"Wote. Na usisahau kusema upesi."

Tulicheka mpaka mbavu zangu zikalalamika.

Mgeni alipoondoka, Zuhura akaketi kitandani kwangu. "Baba, si uliniambia vidonge vinatosha?"

Havitoshi, jamani. Nilimficha ili alale akitoka zamu. Leo nimemwambia.

Akanikanda mguu.

Nyinyi mlio nyumbani, mkikutana na mbunge wenu, mwambieni kuna mzee anamngoja.