Kunde za Mwalimu Theodora

Mwalimu Theodora hakuwa mwalimu wa vyeti. Tuelewane hapo kwanza, maana wapo watu wakisikia neno "mwalimu" wanataka waone koti na baiskeli. Alikuwa mwanamke wa Mgori, binti wa mzee Manase, akasoma misheni kidogo, akaolewa Sepuka. Watoto alizaa wawili, wote wakafa wangali wachanga, na wote wamezikwa kwao Mgori alikokwenda kujifungulia. Kisha mume naye akafa. Misheni ilipotafuta mtu wa kukaa na watoto wadogo, wale ambao hata kuchunga ndama hawajaaminiwa, watu wakasema huyu hana wa kulea, basi alee wa wenzake. Binadamu tuna maneno makavu, jamani! Mwenyewe aliitikia tu, akajifunga khanga akaenda.

Darasa lilikuwa banda la nyasi nyuma ya kanisa. Ubao hakuna, chaki hakuna, vitabu ndiyo usiseme. Serikali ya Mwingereza ilipata muda wa kuja kuhesabu ng'ombe wetu, wa kutuletea chaki haikuupata. Theodora akaona isiwe tabu, akahamishia jiko lake darasani: chungu, kata, koroboi, vigae, yai, na chumvi ya ziwani ile ya kijivu.

Akatia yai kwenye maji, likazama. Akakoroga chumvi, akaongeza, akakoroga tena, yai likapanda juu likaelea. Wee! Watoto walipiga kelele mpaka mbuzi wa jirani wakakimbia. Mmoja wao, Melkizedeki, alikwenda nyumbani akamaliza chumvi yote ya mama yake, akachapwa, na kesho yake akaja na alama za fimbo na sifa kedekede. Siku nyingine Theodora aliwasha koroboi akaifunikia chungu. Alipofunua, moto umekufa.

"Nani kaupuliza?" akauliza.

"Hakuna, Mwalimu."

"Sasa umekufaje?"

Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake, jibu halitoi upesi. Alipenda kuwaambia, "Msiniamini mimi, tazameni wenyewe. Na msitazame kitu kimoja. Wekeni viwili, kimoja mkifanyie jambo, kingine mkiache, ndipo mtajua."

Aliyelishika neno hilo kuliko wote ni Klara. Meno ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yanang'oka. Mama yake ni Raheli. Baba yake, Laurenti, alikuwa manamba kwenye mkonge huko Tanga, na mama na mtoto waliishi kwa mama yake Laurenti, Bibi Yunisi, kikongwe mwenye macho mabovu na ulimi mzima. Klara hakuwa mtoto wa kelele. Wenzake wakishangilia, yeye anainama kuchungulia chini ya chungu.

Likaja somo la kunde. Theodora alijaza mchanga wa mtoni kwenye vigae viwili, akafukia kunde humo, kigae kimoja wakawa wanakimwagia maji, kingine wakakiacha kikavu. Chenye maji kikachipua. Hapo akawaruhusu wang'oe mche mmoja uliokuwa ndiyo kwanza unapasua mchanga, watazame chini, na wakaiona ile kunde ya mwanzo, imepasuka ganda, imenywea, mizizi imetokea hapo. Kigae kikavu kilibaki vilevile, mchanga na jua.

Klara akauliza, "Mwalimu, kila kinachofukiwa kinatoka?"

"Kikipata maji, kinatoka," alijibu Theodora huku anafukuza kuku. Aliyeitamka hiyo kauli ni yule yule aliyekuwa akiwakataza watoto kuamini ovyo.

Huo ulikuwa mwaka wa arobaini na tisa, na aliyekuwapo hahitaji kusimuliwa. Mvua iligoma. Mto ukawa mchanga mtupu, wanawake wakachimba mashimo humo wakawa wanasubiri maji yajikusanye, matope nusu. Kila mtoto akawa anapewa kibuyu kidogo cha kumfikisha jioni. Katikati ya ukame huo Raheli akashikwa na homa. Hawakuwahi hata kumtafutia wa kumbeba kwenda hospitali.

Siku ya maziko watoto waliwekwa bandani na Theodora ili wasione. Kwa hiyo yeye na Klara hawakuona lililofanyika pale kaburini. Ukoo ule ulikuwa na desturi yake: mwanamke aliyelima haondoki mikono mitupu. Kaburi lilipofukiwa, Bibi Yunisi alichota uwele kwenye kihenge cha marehemu, njaa ile, akaunyunyiza juu ya udongo na kuufunika kwa kiganja. Wanaume hawafanyiwi hivyo. Kaburi la babu yake Klara, lililokuwa hapo hapo ubavuni, halikuwekewa kitu. Kisha wakarundika miiba juu kuzuia fisi, wakaenda zao.

Siku zikapita. Asubuhi moja Bibi Yunisi akaja bandani, fimbo mkononi, amevimba kwa hasira.

"Shikamoo, mama," Theodora alimwamkia.

"Marahaba, na hiyo ndiyo salamu yako ya mwisho kwangu usiponisaidia. Mtoto hanywi maji! Midomo imempasuka. Kibuyu chake anakwenda kukimwaga kwenye kaburi la mama yake, tena anapenyeza mkono kwenye miiba. Nimemuuliza, ananiambia Mwalimu amesema kinachofukiwa kikipata maji kinatoka." Akagonga fimbo chini. "Mimi nimejaribu kumwambia, nimeshindwa. Uliyemfundisha ni wewe. Utakayemwambia ni wewe."

Alasiri Theodora akaenda. Akamkuta Klara amechutama, mikono ina mikwaruzo ya miiba, anadondoshea maji udongoni taratibu ili yasipotee.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Unafanya nini?"

"Namwagilia. Mama nammwagilia, babu simmwagilii." Akaonyesha kaburi la pili kwa kidevu. "Si ulisema viwili? Kimoja tukifanyie, kingine tukiache."

Lo! Theodora akakaa chini. Mtoto alikuwa amefanya kila kitu sawasawa, pa kumsahihisha hapakuwapo. Mwalimu alikuwa amejiandalia maneno njiani, yote yakayeyuka. Akaona amwambie la kwake.

"Klara, sikiliza. Mimi pia nina wangu wawili, wamefukiwa Mgori. Miaka mingi sasa. Hawakutoka."

Mtoto akamtazama kwa makini. "Uliwamwagilia?"

"Hapana."

"Ndiyo maana," alisema Klara, kwa huruma, kama mkubwa anayemsikitikia mdogo. Alipoona machozi ya mwalimu wake akamshika goti. "Usilie, Mwalimu. Mama akitoka tutakwenda Mgori. Mimi nitabeba kibuyu."

Nani angeweza kusema zaidi hapo? Wewe ungeweza?  Badala ya kweli aliyoijia, Theodora akajikuta anasema, "Mbegu nyingine huchelewa," akanyanyuka akaondoka upesi. Njia nzima alilia bila kujificha, na waliomwona walidhani amepata habari ya msiba. Kilichomuumiza zaidi, na hili alimwambia Bibi Yunisi baadaye, ni kwamba kwa kitambo kidogo alikuwa amewaza Mgori ni mwendo gani na angebeba maji kiasi gani.

Akaanza kumgawia Klara maji ya kibuyu chake mwenyewe, akimbembeleza anywe. Klara alishukuru, akapiga funda moja la adabu, na yaliyobaki yakaenda kaburini. Theodora aliona. Kila siku alijiambia kesho nitamwambia.

Basi kesho ikafika. Watoto wamekaa, koroboi ndiyo inawashwa, Klara akaingia mbio, hana pumzi, uso wote umefunguka kicheko. Tangu maziko hakuna aliyewahi kumwona akicheka.

"Mwalimu! Ameota! Mama ameota!"

Kijiji kizima hakikuwa na jani bichi. Theodora alipofika makaburini akaona kwa macho yake: chini ya miiba ya Raheli, vijani vyembamba vya kijani, vingi, vimesimama wima. Kwa babu, udongo mkavu.  Bibi Yunisi alikuwa keshafika, amepiga magoti, anapapasa majani yale kwa vidole kwa kuwa macho hayamwambii kitu. Akamvuta Theodora karibu.

"Ni uwele wangu," alinong'ona. "Niliuweka mimi siku ya kumzika. Sikujua kama utaota, mwanangu. Nani alijua?"

Klara alikuwa anaruka ruka. "Mwalimu, tung'oe mmoja tutazame chini! Kama kunde! Tuone mama amefika wapi!"

Theodora angeweza kukataa. Angeweza kusema mche mchanga hauguswi, na mtoto angemwamini, angeendelea kumwagilia na kucheka. Lakini ile midomo ilikuwa imepasuka mpaka inatoa damu pale anapocheka. Na uongo mmoja alikuwa ameshamwambia.

"Ng'oa wewe," akasema, na akamwondolea miiba.

Klara alichagua mche mrefu kuliko yote. Akauvuta polepole kwa vidole viwili, kama alivyofundishwa, mizizi isikatike. Akapuliza udongo. Pale mizizi inapoanzia palikuwa na punje ndogo, imepasuka, imenywea. Hakuhitaji kuambiwa ni kitu gani. Alikuwa amekaa miaka yake yote kando ya mama yake akimwona anapepeta punje hizo.

"Ni uwele," alisema.

"Ndiyo, mwanangu."

Akang'oa mwingine. Akautazama muda mrefu kuliko wa kwanza. Akang'oa wa tatu, safari hii kwa nguvu, mizizi ikakatika, akaanza kufukua pale pale kwa kucha mpaka Bibi Yunisi akamshika mkono. Hakulia. Aligeuka akalitazama kaburi la babu yake.

"Babu hakuwekewa uwele?"

"Hakuwekewa," alisema bibi yake.

"Basi havikuwa sawa," Klara alisema taratibu, na Theodora akajua kwamba ameelewa yote, ameelewa kabisa, kuliko alivyowahi kuelewa somo lolote. Theodora alipiga magoti mbele yake. Moyo ulimuuma vile ulivyomuuma Mgori alipokabidhi wale wachanga wake wakalazwe chini.

"Nisamehe," alimwambia. "Hatoki, Klara. Mama hatatoka. Nilijua tangu siku ile, nikashindwa kukwambia."

Mtoto aliitazama ile miche mitatu iliyolegea mkononi. Kisha akauliza jambo moja, akimtazama mwalimu wake usoni kwa namna ya mtu mzima anayelazimika kutoa habari mbaya.

"Basi Mgori hatuendi?"

"Hatuendi, mwanangu."

Klara akaiweka ile miche juu ya kaburi, akachukua kibuyu chake, akang'oa kizibo. Akanywa. Alikunywa kwa pupa, maji yakamtiririka kidevuni, na alipofika nusu akasita, akampa Mwalimu Theodora sehemu iliyobaki.