Mguu Usionyanyuka

Kiharusi changu hakikuja chenyewe. Kililetwa, na waliokileta nawajua. Wa kwanza ni bosi wangu wa Woodbury, huku ughaibuni, aliyenipa shifti mbili mbili za kutunza wazee huku yeye akienda likizo. Wa pili ni mume wangu, aliyeondoka na gari letu pamoja na mwanamke wa kwaya. Wa tatu ni mimi, niliyekuwa nikimeza dawa za presha siku nilizokumbuka tu. Nilipona, lakini mguu wa kushoto umegoma kunyanyuka hadi leo.

Mshtakiwa wa nne ni dada yangu. Yeye ndiye aliyenipeleka mtaa wa Frogtown, kwenye ukumbi wa ghorofani ambako mama mmoja mzee wa kisiwa cha Okinawa hufundisha ngoma za kwao, za tangu enzi za ufalme wa Ryukyu. Dada alimtunza mama huyo alipovunjika nyonga.

"Ngoma ya kofia huchezwa na wanawake wanne, na wamebaki watatu," dada akaniambia. "Wasipoicheza kwenye tamasha la kiangazi hiki, mama anazipeleka kofia makumbusho na shule anafunga."

"Mimi ni kiwete."

"Kiwete ni mguu. Wewe ni mvivu."

Siku ya kwanza nilitembea mara moja tu, kutoka mlangoni hadi dirishani. Yule mama, Mwalimu, akazima muziki, akawageukia wale watatu, waliosoma kwake miaka saba. "Mmeona? Nyayo haziachi sakafu, ndivyo inavyotakiwa." Wakanitazama kwa wivu. Mimi niliyeishia darasa la sita, leo ndiye mfano. Nani angeharibu sifa tamu namna ile kwa kutaja hospitali?

Aibu ilianzia kiunoni kwenda juu. Mwili wangu umelelewa na mapambio. Mabega yakisikia mdundo huondoka bila ruhusa.

"Usitikisike," Mwalimu akasema. "Usitabasamu pia. Huuzi kitu."

Siku ya tamasha nikavishwa joho la manjano na kofia nyekundu yenye umbo la ua, pana kama ungo, na vibao vya mianzi mikononi. Tukaingia. Tukageuka kuwaelekea watu. Yaani, wao waligeuka. Mguu wangu ulikataa. Nikabaki nimewapa watu mgongo, nikigonga vibao kwa uso mtulivu kabisa, uso ambao hakuna aliyeuona. Wanawake wa kanisani kwetu, wakidhani ndivyo ngoma ilivyo, wakapiga vigelegele. Ningekimbia, kama ningeweza kukimbia. Nikagonga hadi mwisho.

Nyuma ya jukwaa nikaungama. "Mwalimu, zile nyayo si ufundi. Ni kiharusi."

"Nilijua siku ile ile," akasema, akinivua kofia taratibu. "Mimi ni mzee, si kipofu. Lakini wale watatu walikuonea wivu, wakaacha kunyanyua miguu. Miaka saba nimewaomba."

Akazipanga kofia, zote nne, juu ya mikono yangu.

"Zirudishe kabatini. Jumanne saa kumi tunaanza na kugeuka."