Mapigo Kwenye Kiti cha Baba

Baada ya mama kuanguka jikoni, kaka yangu alituma kutoka Mwanza saa ya kupima mapigo ya moyo. Mimi ndiye niliyempelekea mama kijijini Nyarero, nikamvalisha mkononi, na karibu na redio nikaweka kisanduku chenye laini ya simu, cha kuturushia vipimo kwenye simu zetu. Mama aliikubali kwa upole, kama anavyokubali dawa.

Tangu hapo tulimjua kupita kiasi. Nikiwa dukani kwangu Nkende, nakata vitambaa, nilijua amelala, ameamka, anatembea. Asubuhi moja kaka alimpigia kumuuliza kwa nini hakupata usingizi. Mama akanipigia mimi.

"Nani amemwambia? Nilikuwa peke yangu."

"Saa hiyo, mama."

"Kwa hiyo hata nikilia mnaona?"

"Hapana. Tunaona moyo tu."

"Moyo tu," alirudia, akakata simu.

Siku chache baadaye, mchana wa jua kali, nilikuta mapigo yake yametulia mno, ya mtu aliyezama usingizini. Mama huwa halali mchana. Nikapiga. Alipokea akihema.

"Niko shambani, napalilia mihogo."

"Saa umevaa?"

"Nimeiacha nyumbani. Na mlango nimefunga."

Nilitazama skrini. Mapigo yaliendelea, polepole.

"Umeiacha wapi?"

"Kwenye kiti cha baba yako, juu ya koti lake."

Baba tulishamzika, pembeni ya nyumba hiyo hiyo.

Nilifunga duka nikachukua bodaboda. Nilimkuta mama mlangoni, miguu ina udongo. Akafungua. Saa ilikuwa imezama kwenye kikunjo cha koti, taa yake ya kijani ikimulika kitambaa, ikizima, ikimulika tena. Kwenye simu yangu namba zilianza kupanda kidogo, kama za mtu aliyesikia wageni wakiingia.

Nilimpigia kaka. Alimuuliza fundi, akarudi na jibu: mwanga ule wakati mwingine hudanganywa na nguo, ukahesabu mapigo yasiyokuwepo. Nilielewa. Lakini nilipopenyeza mkono kuichukua, koti lilikuwa na uvuguvugu, na kiti kilikuwa kivulini.

"Iache kwanza," mama alisema.

Aliketi kwenye mkeka, akaniambia nimsomee namba. Nilisoma, naye akasikiliza bila kushangaa.

"Alipokuwa hai hakukubali kupimwa," alisema. "Na mimi sitaki tena. Anayetaka kujua kama niko mzima anipigie, nimjibu mwenyewe."

Kaka alibisha sana, mwisho akakubali. Nilipobonyeza kuizima, taa ilikawia, na mama aligeuza uso ukutani mpaka nikamwambia tayari.

Sasa tunampigia kwa zamu kila asubuhi. Asipopokea, jirani huenda kugonga. Kuna siku simu huita muda mrefu ndani ya nyumba ile, na hadi niisikie sauti yake huwa nimebana pumzi.