Mtaa Mzima Ulivyovua Viatu kwa Ajili ya Pipa la Norris

Naweka dau painti tatu za bia, na mimi si mtu wa kuchezea painti, kwamba hakuna atakayeamini haya. Wewe ndiye wa kwanza. Lakini Ijumaa ile ya mwezi wa pili, pale Ellenroyd, mji wetu mdogo wa Yorkshire, mtaa mzima wa Cragg ulitembea na soksi kwa ajili ya pipa moja la bia. Na aliyewatuliza watu ni Norris Sugden, mtu ambaye mdomo wake haujawahi kupoa tangu mkunga ampige kofi.

Norris ni fundi wa kuezeka mapaa ya mawe, miaka hamsini na saba. Shule aliiacha na miaka kumi na tano, na ukimuuliza kwa nini atakwambia walimu waliishiwa. Paa la kanisa, yeye. Paa la stesheni, yeye. Ukimwachia nafasi atakwambia na mbingu aliipigilia yeye, isipokuwa upande wa Yorkshire, maana huku kwetu inavuja kila siku.

Akishuka paani jioni, anakwenda moja kwa moja kwenye baa ya Mzinga wa Nyuki. Hapo ndipo penyewe. Moto wa makaa, mbwa wa mtu chini ya benchi, dhumna mezani, pai za nguruwe kwenye kaunta, na hakuna televisheni, hivyo ukitaka kuona kichekesho inabidi umwangalie jirani yako. Bia yake haisukumwi na gesi. Inalala chini ya sakafu kwenye pipa, iko hai, na inapandishwa kwa bomba la mkono. Haina ubaridi wa kukung'oa meno. Ukiinywa unasikia shayiri kwanza, halafu uchungu kidogo kwa nyuma, halafu unasikia kuagiza nyingine.

Mwenye kuiendesha baa hiyo ni Hilda Crabtree, mama wa miaka sabini na nne, mfupi, na sauti ya mlango wa chuma. Mwezi wa kwanza aliteleza kwenye barafu akavunjika mkono. Binti yake wa Scarborough akasema basi, mama, njoo ukae na mimi. Kampuni yenye jumba nayo ikataka jibu kabla ya Jumamosi jioni: nani anashika baa? Akikosekana mtu, wanang'oa mabomba ya mkono, wanaleta bia ya gesi na skrini nane za kuonyeshea mpira.

Hilda alilitangaza jambo hilo Jumatatu, akiegemea kaunta na bandeji yake.

"Mimi hapa," Norris akasema, hata hajamaliza.

"Wewe unajua kunywa."

"Nimefanya mazoezi miaka arobaini, kipenzi. Hakuna mtu hapa mwenye elimu kama yangu."

Watu wakacheka. Hilda hakucheka. "Kunywa hata mbwa yule anajua. Kutunza pipa ndiyo kazi. Sikiliza, kijana. Kesho linakuja pipa jipya. Ulipokee wewe, ulilaze wewe, ulifungue wewe. Jumamosi saa sita mchana univutie painti. Nikiweza kusoma gazeti kupitia hiyo painti, funguo zako. Nisipoweza, napiga simu kampuni waje na skrini zao."

Moyo wa Norris uliruka kama samaki. Alikuwa amekitaka kile chumba cha chini cha mapipa tangu ana ndevu tatu kidevuni, ila hakuna aliyejua, kwa sababu ndilo jambo pekee ambalo hakuwahi kulisema.

Jumanne pipa halikuja. Jumatano, bado. Gari la kiwanda lilikuwa limekufa huko mlimani. Lilifika Alhamisi saa nane mchana, na dereva akaliteremsha pipa mpaka chini kwa kulibingirisha na kuligonga ngazi zote kumi na mbili, du, du, du, huku Norris akipiga kelele kama anayezaliwa upya.

Shida ndiyo hiyo. Bia iliyo hai ina hamira ndani, na hamira ikitikiswa inapanda juu, bia inakuwa kama maji ya dimbwi. Lazima pipa lilale. Lilale kimya, bila hata kuguswa, mpaka machicha yote yatuame chini. Hilda mwenyewe huliachia siku tatu. Norris alikuwa na saa arobaini na sita.

Alililaza pipa juu ya mbao zake, akalikaza kwa vigingi, akatoboa tundu la juu kwa kijiti cha mti laini ili pumzi itoke. Likafoka povu. Norris akakaa mbele yake na kurunzi, kama mtu anayemlinda mgonjwa, mpaka povu likapungua. Ijumaa asubuhi akaleta nyundo ya mbao ili apigilie bomba la kutolea bia kwenye pipa. Hapo ni pigo moja tu. Ukisita, bia inakuogesha.

Wilf Naylor, anayepuliza tarumbeta kubwa kwenye bendi ya mtaa, alisimama ngazini kutazama. "Nimeleta taulo," akasema.

"Kajifutie machozi yako."

Norris akapiga. Pigo moja, paa! Bomba likaingia kama lilizaliwa humo. Halikutoka tone.

"Umeona?" Norris akanong'ona, macho yamemtoka. "Wilf, umeona? Waambie watu. Waambie ulikuwepo!"

Hakupata kufurahia vizuri. Ukuta ulianza kutetemeka. Kwanza kidogo, halafu kurunzi ikaanza kutembea yenyewe juu ya rafu. Nje, mita tatu kutoka kwenye pipa, mashine ya kushindilia lami ilikuwa imewashwa.

Norris alitoka mbio, buti moja mguuni na nyingine bado iko chini. Akasimama katikati ya barabara, mbele ya mashine, mikono juu.

"Zima! Zima, nakuomba, zima!"

Msimamizi wa barabara alikuwa Jagtar Singh, mtu wa hapo hapo, mnywaji wa Mzinga wa Nyuki kila Alhamisi. Akazima. "Nani kafa?"

"Hajafa. Amelala! Pipa limelala, Jagtar! Unaliamsha!"

"Norris, kaka, mimi nina barabara ya kumaliza."

"Barabara ina mwisho wa juu na mwisho wa chini, si ndiyo? Anza juu! Kule hakuna kilicholala ila paka wa mchungaji."

Jagtar akakuna ndevu. "Bosi akija nimwambie nini? Kwamba nimehamisha mashine tani mbili kwa sababu bia imesinzia?"

"Mwambie, kama kesho saa sita anataka kukuta skrini nane za mpira badala ya kiti unachokalia kila Alhamisi, awashe."

Jagtar alimtazama, akalitazama dirisha la baa, akawageukia vijana wake. "Haya, pandisheni vitu juu. Na msiburuze makoleo."

Basi ikaanza. Norris hakuomba zaidi ya hapo, lakini habari Ellenroyd hazihitaji stempu. Mchana mwenye duka la nyama aliacha kukata mifupa kwa shoka, akakata kwa msumeno. Wazee wa dhumna wakatandika taulo mezani ili vipande visilie. Walioingia walivua viatu mlangoni bila kuambiwa, mpaka pale kizingitini pakawa kama msikitini, na mtu akitaka painti ya lile pipa la zamani lililobaki anaonyesha kwa vidole. Mtu mmoja alipiga chafya. Watu ishirini wakamgeukia kwa chuki.

Na jioni ndiyo ile ambayo hata mimi nisingeamini. Siku ya Ijumaa saa moja bendi hufanya mazoezi ghorofani, watu kumi na watano, na nyimbo zao hushusha vumbi mpaka kwenye glasi. Norris alimfuata Wilf mlangoni, kofia mkononi. Alijiandaa kupiga magoti.

"Wilf. Leo msipulize."

"Jumapili ijayo tuna mashindano, wewe."

"Najua."

Wilf akavua viatu. "Sisi tutafanya mazoezi," akasema. "Nani kasema lazima kupuliza?"

Wakapanda. Wakakaa. Kiongozi akainua kijiti chake, na watu kumi na watano wakapiga nyimbo zote mwanzo hadi mwisho bila pumzi hata moja, vidole tu vikibonyeza, tiki tiki tiki, kama mvua ndogo kwenye paa la mawe. Norris alisimama ngazini akasikiliza mpaka mwisho. Fundi wa mapaa, mvua ya namna hiyo anaijua. Alitaka kupiga makofi, akajishika mikono.

Jumamosi saa sita kasoro kumi, usingeweza kuingiza hata wembe pale ndani. Jagtar alikuja na vijana wake wote. Hilda alikaa kwenye kiti chake cha dirishani, miwani puani, gazeti la wilaya mapajani limefunguliwa ukurasa wa matangazo ya vifo.

"Sasa mnaruhusiwa kupumua," Norris akasema kutoka nyuma ya kaunta. Ameshavaa shati la harusi. "Mtawaambia wajukuu zenu nini? Kwamba mlikuwepo! Siku Norris Sugden alipovuta painti ya kwanza! Wilf, sogea, unaziba historia."

"Vuta, bwana, tunakauka!"

Akashika mpini wa bomba. Akavuta. Bia ikapanda, ikajaa, povu likakaa juu zuri kama theluji ya dirishani. Akaibeba yeye mwenyewe mpaka kwa Hilda, kwa mikono miwili.

Hilda akaweka gazeti nyuma ya glasi. Akatazama. Akasogeza miwani.

"Sioni maandishi," akasema. "Sioni hata gazeti."

Glasi ilikuwa na ukungu kama dirisha la jikoni wakati wa kuchemsha nguo.

Mdomo wa Norris ukashika kazi yake. "Ni yule dereva! Alilibamiza ngazi kumi na mbili! Na mashine ya Jagtar, dakika nzima ilitikisa, na chafya ya yule... na Alhamisi yenyewe, nani analeta pipa Alhamisi? Hata mbalamwezi ilikuwa kubwa mno, Hilda, hamira haipendi..."

"Nipishe," Hilda akasema.

Akaingia nyuma ya kaunta na mkono wake mzima. Akachukua ndoo, akaiweka chini ya bomba. Akavuta mara moja, machicha yaliyotuama bombani yakatoka, ndoo. Mara mbili, ndoo. Mara tatu, ndoo. Halafu akatwaa glasi safi, akavuta polepole, akarudi nayo dirishani huku watu wakimpisha kama harusini. Bia ilikuwa rangi ya asali, na jua dogo la mwezi wa pili lilipita katikati yake likaangukia mezani.

Hilda akaweka gazeti nyuma yake. Akasafisha koo.

"Bwana Enoch Shackleton," akasoma, sauti ya mlango wa chuma, "miaka tisini na mmoja. Amefariki kwa amani nyumbani kwake. Hakuna maua, tafadhali."

Baa ililipuka! Watu walikumbatiana, walipiga meza, kofia zikaruka mpaka kwenye boriti, Jagtar alimbeba Wilf, Wilf akiwa amebeba tarumbeta, akaipuliza, pumzi yote ya tangu jana. Mbwa alibweka. Sijawahi kuona mtu akifa watu wakafurahi kiasi kile.

"Pole zake Enoch!" mtu akakumbuka.

"Pole zake!" baa nzima ikajibu, glasi juu.

Hilda akaonja. Akaonja tena. Akachomoa funguo mfukoni mwa sweta, akazitupa juu ya kaunta. "Pipa umelitunza," akamwambia Norris. "Nampigia simu yule wa kampuni nimwambie akae na skrini zake."

Norris alizishika funguo, akazibana kifuani, akaruka mara mbili kama mtoto. Alikuwa tayari anafungua mdomo kuhusu paa la kanisa.

"Na ile ya kwanza, Norris?" Wilf akapaza sauti. "Ile ya ukungu? Ilikuwa mbalamwezi au chafya?"

Wote wakamgeukia wakisubiri uongo mtamu. Norris aliitazama ile glasi, bado iko dirishani, ina ukungu. Akaitazama ndoo.

"Ya kwanza huwa inamwagwa," akasema. "Sikuimwaga."