Sabuni ya Wageni

Zahanati yetu kule Mbulumbulu ilikuwa na sabuni. Nalitaja hilo mapema kwa sababu mwanzoni mwa miaka ya themanini sabuni iliadimika nchi nzima, watu wakafulia majivu, na kuwa na kipande kizima cha sabuni ya kunukia lilikuwa jambo la kujivunia. Cha kwetu kilikaa ndani ya kabati la mkuu wa zahanati, kimefungwa kwa gazeti, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa koti lake jeupe.

Mkuu wetu alikuwa mganga msaidizi. Wanakijiji walimwita daktari, na yeye hakuona sababu ya kuwasumbua kwa kuwasahihisha. Ukutani, juu ya beseni, alikuwa ameandika kwa wino mwekundu: NAWA MIKONO KABLA YA KUMGUSA MGONJWA. Maji yalikuwemo ndani ya beseni, sikatai. Mimi, muuguzi wa pekee pale, nilichovya vidole humo, nikajifuta kwenye gauni, nikaendelea na mgonjwa mwingine.

Sabuni ilitoka siku za ukaguzi tu. Barabara ya kutoka Karatu ilikuwa tope jekundu, kwa hiyo gari la wakubwa lilisikika likinguruma mlimani robo saa nzima kabla halijafika. Muda huo ulimtosha mkuu. Alifungua kabati, akaiweka sabuni kwenye kisahani kando ya beseni, akainyunyizia matone ya maji ili ionekane inatumika. Hapo alikuwa fundi kweli. Siku moja aliona maji yamezidi, akayapunguza kwa ncha ya leso yake, akarudi nyuma hatua mbili kuitazama kazi yake.

Wakaguzi walisoma yale maandishi, wakaitazama sabuni, wakasema vizuri sana. Kisha tuliwakaribisha kwenye kuku. Walipomaliza kula ndipo walipoitumia hiyo sabuni, kutoa mafuta vidoleni, halafu wakaandika kwenye kitabu cha wageni kwamba usafi wa zahanati unaridhisha. Walipoondoka tu, mkuu aliianika dirishani mpaka ikakauka, akaifunga tena kwa gazeti lake.

Niliwahi kumwomba tuitumie kwenye chumba cha kuzalishia.

"Sista," akaniambia, "tukianza kuitumia huko, wiki haiishi imekwisha. Wakubwa wakija wakakuta hatuna sabuni, ataandikiwa nani barua? Wewe?"

Nikarudi kwa mgonjwa wangu, nikachovya vidole kama kawaida. Nilikuwa hodari sana wa kunyamaza.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, alikaa miaka minane kwenye ndoa bila mtoto. Mimba ilipoingia hatimaye, mama yangu alikuja zahanati kwa miguu kuniambia neno moja tu: "Huyu asituharibikie mkononi mwako." Nilimwelewa. Niliwajua watoto walioharibika mikononi mwetu. Walizaliwa wakilia vizuri, wakarudishwa baada ya siku nne au tano kitovu kimevimba, kinanuka, mwili unawaka moto. Daftarini tuliandika "homa". Homa lilikuwa neno zuri, halikumgusa mtu yeyote.

Uchungu ulimshika wifi asubuhi moja ya mvua, mkuu akiwa Karatu kwenye semina. Semina yenyewe ilihusu usafi. Kwa heshima ya semina alivaa suti, na koti jeupe likabaki limetundikwa mlangoni, na ufunguo ndani yake. Nililifungua lile kabati, nikaitoa sabuni. Nilinawa mpaka kwenye viwiko. Nikakata kucha, nikanawa tena. Nikachemsha wembe na uzi, na povu lilivyokuwa zuri, nikanawa mara ya tatu.

Wifi alisindikizwa na jirani yake, mama mmoja mkulima wa maharage, aliyemshika mkono njia nzima kwenye utelezi. Huyo mama nilimfahamu. Mwaka uliotangulia nilimzalisha mtoto wa kiume kwenye kitanda kilekile, kwa vidole vyangu vya kuchovya. Alimzika siku ya tisa, na sisi tukaandika homa.

Mtoto wa wifi alitoka salama, wa kike, mwenye hasira. Nilimpa yule mama ampakate nipate kumhudumia mzazi. Alimnusa kichwani. Kisha akaushika mkono wangu, akaunusa na wenyewe.

"Kumbe mna sabuni, sista."

"Ndiyo, mama."

"Mwaka jana mlikuwa nayo?"

Aliuliza bila ubaya wowote, kama mtu anayeulizia bei ya chumvi. Aibu ilinipanda mpaka masikioni. Nilikuwa na hadithi nyingi za kumcheka mkuu wangu na matone yake ya maji, na nimezisimulia kila mahali tangu siku hizo, lakini pale sikuona hata moja ya kunifaa. Kwa mtoto wa kaka yangu niliweza kufungua kabati. Kwa wake sikuwahi hata kuugusa ufunguo.

"Imeletwa wiki hii," nikamwambia.

"Mungu ashukuriwe," akasema, akimfunika mtoto vizuri kwa kanga yake mwenyewe. "Basi hawa wa sasa watapona."