Siku Nilipolainisha Springi za Gari la Harusi

Jamani, hili nalisimulia uso ukiwa chini, maana mpaka leo nikipita Mvara, kule Arua, karibu na kanisa navuka upande wa pili wa barabara.

Tulikuwa tumerudi kutoka ukimbizini Zaire, mimi nikafungua gereji Koboko, na mdogo wangu wa kike, Keji, akapata mchumba wa Arua. Hajji mmoja jirani yetu akatuazima gari lake la Kiingereza la zamani, refu, jeusi, viti vya ngozi (wakati wote wa vita alilificha chini ya mabua ya mtama), na Keji akaniambia, "Kaka, ile barabara iko mbaya. Fanya nifike kama mutu amelala kwa kitanda."

Basi mimi na kichwa changu nikachomoa majani mawili, vile vyuma bapa vilivyopangana, katika kila springi ya nyuma, halafu zile shokapu, ambazo kazi yake ni kuituliza springi isiendelee kurukaruka, nikamwaga mafuta yake mazito nikatia mepesi. Nikalijaribu peke yangu mpaka sokoni na kurudi. Laini! Nilijisifu kwa sauti. (Sikufikiria kwamba siku ya harusi kiti cha nyuma hukaliwa na bibi harusi pamoja na shangazi wawili walioshiba.)

Jumamosi tukaondoka. Shimo la kwanza gari likazama, likapanda, likazama tena, na tulipolikuta shimo la pili gari lilikuwa bado halijamalizana na la kwanza, ikawa hivyo hivyo njia nzima, shangazi wamefumba macho wanasali, mmoja ananifokea, "Wewe, hii ni gari ama ni mtumbwi?" Keji kajilaza kitini, nami nikadhani anastarehe.

Kanisani wageni wamejipanga, vigelegele vimepamba moto. Nikakanyaga breki, magurudumu yakasimama lakini gari likaendelea kuinama na kuinuka kama linasalimia watu. Keji akashuka, akapiga hatua moja, akatapika juu ya viatu vya bwana harusi.

Vigelegele vikakatika. Mama Adiru, shangazi wa bwana harusi, mwanamke ambaye hata mchungaji alimwogopa, akashika kiuno.

"Huyu mutoto iko na mimba! Mimba ya nani?"

Keji akaangua kilio. Baba yetu akakaa chini palepale mavumbini na suti yake ya kuazima. Bwana harusi akarudi nyuma, na nilipoona anarudi nyuma tena nikapiga kelele, "Si mimba! Ni springi!"

Watu wakaguna, hakuna aliyeniamini. Nikasema, "Mama, ingia mwenyewe."

Akaingia, nikamzungusha mpaka njia ya hospitali, mashimo yote, sikukwepa hata moja. Tuliporudi akashuka ameshikilia mlango, umati mzima unamngoja, akafungua mdomo kutoa hukumu, na kilichotoka hakikuwa maneno.

Akajifuta kwa kitambaa chake cha kichwa.

"Mchungaji, funga ndoa. Mutoto iko safi."

Ndoa ikafungwa. Jioni ukoo wetu wote ukapanda lori la tumbaku kurudi Koboko, shangazi na magauni yao juu ya magunia, na mimi nikabaki naliendesha gari la Hajji peke yangu, viti vyote vitupu. Tangu hapo, nikishafunga springi za mtu, namkalisha nyuma yeye, mkewe na mama mkwe wake, tunakwenda mbali. Peke yangu sijaribu tena, haki ya Mungu.