Hagabu na Pembe za Madhabahu

Shemeji yangu Hagabu alikuwa mwashi wa Samaria. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika patasi, ingawa anakana. Mfalme alimwamuru azikate pembe nne za madhabahu ya mawe, ili ndama wake wa dhahabu akae vizuri juu yake.

"Anayekimbia kuuawa atashika nini, bwana wangu?" Hagabu aliuliza. "Akizishika pembe, haguswi."

"Kata, mzee, au tukukate wewe!"

Alikataa. Askari wakamkata sikio, ndipo akakata.

Mavuno hayajaisha, jemadari akaasi. Mfalme alikimbilia madhabahuni, alikokuwa Hagabu, akivuja damu, akapapasa kona tupu za jiwe chini ya ndama.

"Mwashi! Pembe ziko wapi?"

"Niitie upande huu, bwana wangu. Sikio la huko ulilikata."

Panga zikamkuta bado anapapasa. Hagabu akaosha damu, akaanza kuchonga pembe nyingine.